Tathmini za ruta zinapingana na nyumba yangu ina kuta nene: nimsikilize nani?

Nuru_Ghorofani

Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

Ninatumia ruta niliyopewa na mtoa huduma siku waliponifungia intaneti ya faiba. Kifurushi ni megabiti 200 kwa sekunde za kupakua na 40 za kupakia. Nyumba ina chini na juu, kuta ni za tofali nene na sakafu ya juu ni zege. Ruta ipo chini karibu na mlango, kwa kuwa ndipo waya wa faiba ulipoingilia. Chini hakuna tatizo la maana. Juu, kwenye chumba ninachofanyia kazi, mikutano ya video inakatika na sauti za watu zinavunjika. Ikifika jioni wanangu wakaanza kupakia video zao, hata aliyekaa chini pembeni ya ruta analalamika.

Nimesoma tathmini hadi zimenichanganya. Mmoja anaisifia ruta ya Wi-Fi 7 yenye antena nane kwamba inafunika nyumba nzima. Mwingine ruta ileile ameipa alama mbili kati ya tano. Wa tatu anasema habari ya ruta moja imepitwa na wakati, ninunue meshi, yaani vifaa kadhaa vya Wi-Fi vinavyoshirikiana, ya vifaa vitatu. Nikienda kwenye maoni ya wanunuzi, kila kifaa kina nyota nne na nusu. Halafu kuna zile namba za kwenye boksi: AC1200, AX3000, BE9300. Nilidhani ni kasi, lakini sioni zinavyohusiana na megabiti zangu 200.

Kwa hiyo sitaki tu kuambiwa "chukua hii". Nyinyi mnaoelewa mambo haya, mnazisomaje tathmini mpaka mkajua kwamba huyu anasema jambo linalonihusu na yule hanihusu?

Baba_Wawili

Mkuu mimi nilikuwa na shida kama yako. Nikachukua meshi ya vifaa viwili, kimoja chini kingine juu kwenye korido, nikapakua programu yao kwenye simu, ikanielekeza hatua kwa hatua. Tangu hapo nyumbani hakuna anayelalamika. Sikusoma tathmini hata moja. Chukua meshi, utalala usingizi.

Mpimaji

Mkuu Nuru, umefanya vizuri kutaja kuta na sakafu, maana hapo ndipo tathmini nyingi zinapoachana na wewe. Kazi ya kupima vifaa vya nyumbani ninaipenda na huwa ninaandika ninachokiona, kwa hiyo niruhusu nirefushe.

Tathmini kubwa za ruta unazokutana nazo, nyingi zinatoka Marekani, na nyumba nyingi za kule zimejengwa kwa fremu za mbao na mbao za jasi. Mawimbi ya gigahezi 5 yanapita kwenye jasi bila shida kubwa. Yakikutana na zege yenye nondo ndani, yanafifia vibaya. Ya gigahezi 6, ambayo ruta za Wi-Fi 6E na nyingi za Wi-Fi 7 zinajivunia, yanapenya kwa shida kuliko hata hayo. Kwa hiyo mtu akiandika kwamba ruta fulani "inafunika futi za mraba 2,500", huenda kwake ni kweli tupu. Ila wewe hujapewa habari yoyote kuhusu nyumba yako. Mtathmini makini anakuambia alipima akiwa umbali gani, kati yake na ruta kuna kuta ngapi na za nini. Asipotaja ukuta hata mmoja, mimi namba zake za kasi sizihesabu.

Sasa namba za kwenye boksi. Zile ni jumla ya kasi za juu kabisa za kinadharia za bendi zote (masafa ya redio kama gigahezi 2.4 na 5) zikijumlishwa. AC1200 ni 300 za gigahezi 2.4 pamoja na 867 za gigahezi 5, halafu wakakadiria kwenda juu. AX3000 ni 574 na 2402. Simu yako kwa kawaida inatumia bendi moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo ile jumla hakuna kifaa chako kitakachoiona. Tena hiyo 2402 inahitaji chaneli yenye upana wa megahezi 160. Simu nyingi zina antena mbili na zinaishia megahezi 80, ambapo kiwango cha juu ni 1201, na kinachobaki baada ya mazungumzo ya ndani ya mtandao wenyewe ni kama nusu hadi theluthi mbili ya hapo, ukiwa chumba kimoja na ruta. Kifurushi chako ni 200. Kwa maana ya kasi tupu, hata ruta ya Wi-Fi 5, teknolojia iliyoanza kuthibitishwa mwaka 2013, inakutosha. Herufi mpya hazitakuongezea kitu usichonunua kwa mtoa huduma.

Kuna namba moja isiyoandikwa kwa herufi kubwa ambayo ningependa kila tathmini ianze nayo: kasi ya poti za kebo. Ruta kadhaa za AC1200 zina poti za megabiti 100. Hata ungekuwa na faiba ya 500, nyuma ya poti hiyo unapata kama 94 hivi, basi.

Kabla hujachagua chochote, pima mambo matatu. Kwanza, unganisha kompyuta kwa kebo kwenye ruta uliyonayo upime kasi. Hapo unajua mtoa huduma anakupa nini bila Wi-Fi kuingilia. Pili, pima Wi-Fi peke yake bila intaneti. Programu ya bure iitwayo iperf3 inafanya kazi hiyo: kompyuta iliyo kwenye kebo inakuwa seva, na simu au kompyuta ya pili unaipeleka juu kwenye chumba chako, kisha vinatumiana data. Pima kwenye gigahezi 5, pima na kwenye 2.4. Tatu, na hili ndilo wengi wanaliruka, angalia muda wa majibu, ile pingi, wakati laini imetulia, kisha uangalie tena wakati mtu anapakia faili kubwa. Mkutano wa video hauhitaji kasi kubwa. Megabiti 4 hivi zinautosha. Unachohitaji ni majibu yasiyochelewa.

Ukileta namba hizo tatu hapa, tutajua shida ni ukuta, ni foleni ya data kwenye laini au ni vyote. Tathmini ya maana kwako ni ile inayopima kile kinachokuumiza.

Jambo lingine linaniuma sana, na ndilo linalonifanya nisome tathmini kwa mashaka. Karibu zote zinaandikwa wiki ya kwanza kifaa kikiwa kipya. Ruta inakaa nyumbani miaka mitano, sita, saba. Niliwahi kuwa na ruta iliyosifiwa kila mahali, na sifa zake zilikuwa za haki: kasi nzuri, imara, haikuwahi kuzima. Kampuni iliyoitengeneza ikaacha kuitolea masasisho ya fimwea, yaani programu ya ndani ya ruta, ingali nzima kabisa. Hakuna tangazo nililopata. Ukurasa wa masasisho ulibaki na tarehe ileile ya zamani, nami nikawa na mlango mkuu wa nyumba ambao kitasa chake hakuna fundi aliye tayari kukirekebisha. Zile tathmini za nyota tano bado zipo mtandaoni hadi leo, hazijaguswa.

Hili si jambo dogo. Mwishoni mwa mwaka 2011 ilitangazwa kwamba ile PIN ya WPS (njia ya kujiunga na Wi-Fi bila kuandika nenosiri) yenye tarakimu nane inakaguliwa kwa vipande viwili, hivyo mvamizi hahitaji kujaribu mamilioni ya namba, anahitaji 11,000 tu. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilizoa kamera na ruta za majumbani kwa kutumia tu majina na manenosiri ya kiwandani ambayo watu hawakuyabadilisha. Mwaka 2017 mtafiti wa usalama Mathy Vanhoef alionyesha udhaifu wa KRACK katika WPA2, ile kinga ya Wi-Fi yenye nenosiri, ulioathiri hasa vifaa vinavyojiunga na mtandao: simu, kompyuta, na ripita (kifaa cha kupokea Wi-Fi na kuisambaza mbele) pia, kwa kuwa ripita hujiunga na ruta kama simu inavyojiunga. Aliyekuwa na kifaa kinachopata masasisho alilindwa. Aliyekuwa na kifaa kilichotelekezwa alibaki na tundu, na nyota zake tano.

Kwa hiyo nikisoma tathmini ninatafuta sentensi moja: masasisho ya usalama yatatolewa mpaka lini? Kama mtathmini hakuuliza, nauliza mwenyewe. Njia ninayoitumia ni hii. Uingereza ina sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024, inayomlazimu mtengenezaji wa vifaa vya nyumbani vya intaneti kutaja muda wa chini wa kutoa masasisho ya usalama, na kupiga marufuku nenosiri moja la kiwandani kwa vifaa vyote. Ingawa huishi Uingereza, ruta nyingi ni zilezile. Fungua tovuti ya mtengenezaji upande wa Uingereza, utafute ukurasa wa muda wa usaidizi. Kuna wanaoandika tarehe wazi kwa kila modeli, na kuna wanaoandika miaka miwili. Miaka miwili kwa ruta mimi siikubali.

Kebo_Kwanza

Naungana na Mpimaji, ila niweke msisitizo ambao yeye ameuacha. Nyumba ya zege tiba yake ni kebo. Meshi isiyo na kebo kwa sehemu kubwa inafanya kazi ya ripita: kifaa cha juu lazima kisikie cha chini kupitia ileile sakafu inayokusumbua. Na kama kinapokea na kutuma kwa redio moja, kasi inakatika nusu papo hapo, kwa sababu redio haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja kwenye chaneli moja. Zile zenye redio ya tatu ya kuunganisha vifaa zina nafuu, lakini redio hiyo nayo mara nyingi ni ya gigahezi 5 au 6, na zege ni ileile.

Baba_Wawili hajadanganya, kwake imekaa vizuri. Labda ana ngazi iliyo wazi kati ya chini na juu, mawimbi yanapanda hapo. Ndugu Nuru hajatuambia ngazi yake ikoje.

Kebo ya Cat 5e inabeba gigabiti 1 mpaka mita 100, na tangu kiwango cha mwaka 2016 inaweza kubeba hata gigabiti 2.5 kwa umbali huohuo vifaa vikiwa vinakubali. Hakuna sababu ya kulipia kebo ya bei kubwa. Cha kuangalia ni shaba: iwe shaba tupu, si aluminiamu iliyopakwa shaba. Hiyo ya aluminiamu inakatika kirahisi ikikunjwa, upinzani wake ni mkubwa, na ukija kuitumia kupeleka umeme kwenye kifaa cha darini inapata joto. Na usiipitishe bomba moja na nyaya za umeme.

Kama ukuta hautobolewi kabisa lakini kuna waya wa antena ya televisheni kutoka chini hadi juu, kuna adapta za MoCA zinazopitisha mtandao humo na zinafanya kazi vizuri sana. Zile za kupitisha mtandao kwenye nyaya za umeme siwezi kumshauri mtu kabla hajazijaribu kwake. Zinategemea nyumba ilivyofungwa umeme, na mashine ya kufulia ikiwashwa tu unaweza kuiona kasi ikishuka.

Nuru_Ghorofani

Wakuu ahsanteni sana. Nimepima kama Mpimaji alivyoelekeza, mwanangu mkubwa akanisaidia ile iperf3.

Kwa kebo: kupakua 196, kupakia 41.
iperf3 chini, mita kama tatu kutoka kwenye ruta: 410 kwenye gigahezi 5.
iperf3 juu chumbani: 18 kwenye gigahezi 5, 31 kwenye 2.4.
Pingi laini ikiwa imetulia, kwa kebo: milisekunde 14. Wanangu wakipakia video: inapanda hadi 480, saa nyingine inapita hapo.

Hiyo ya mwisho imenishangaza kwa sababu nilikuwa kwenye kebo kabisa, Wi-Fi haihusiki. Ngazi yangu imefungwa kwa ukuta pande zote mbili, ina mlango. Waya wa antena haupo, lakini kuna bomba tupu la nyaya linalopanda kutoka sebuleni hadi korido ya juu.

Na lile swali la nyota nne na nusu bado sijajibiwa. Ruta niliyokuwa nimeitamani ina maoni zaidi ya elfu kumi.

Mpimaji

Namba zako zinasema kila kitu, mkuu. Una matatizo mawili yanayofanana kwa nje, na hakuna tathmini hata moja kati ya ulizosoma ingeyatenganisha.

Kebo imekupa 196. Mtoa huduma yuko sawa, na poti za ruta yako ni za gigabiti, la sivyo ungekwama kwenye 94. Chini Wi-Fi ni 410, mara mbili ya kifurushi. Kwa hiyo ruta yako kwenye kasi haina kosa lolote. Juu 2.4 imeishinda 5, dalili ya zege. Bendi hiyo inapenya zaidi, ila ina msongamano: chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu, na oveni ya maikrowevu nayo inafanya kazi humohumo. Ruta ya antena nane ingeweza kukupandisha kutoka 18 hadi pengine 40 au 60. Antena haziondoi sakafu. Hilo bomba tupu ndilo jibu lako. Vuta kebo mpaka korido ya juu, weka kituo cha Wi-Fi huko, na chumba chako kitapata kifurushi chote.

Milisekunde 480 ni tatizo la pili, na kebo ya juu haitaligusa. Kupakia kwako ni megabiti 40. Wanao wanapotuma video, simu zao zinasukuma data haraka kuliko laini inavyoweza kuipokea, nayo ruta inaiweka yote kwenye foleni ndefu bila kuacha hata pakiti moja, yaani kipande kimoja cha data. Sauti yako ya mkutano inapanga foleni nyuma ya video nzima. Mtaalamu Jim Gettys alilipigia kelele jambo hili tangu mwaka 2010 na 2011 na kulipa jina la bufferbloat. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakachapisha CoDel, mbinu ya kuitazama foleni kwa muda ambao pakiti imesubiri badala ya urefu wake. Ikazaa fq_codel, iliyoandikwa rasmi kama RFC 8290 mwaka 2018, ambayo pia inatenganisha mikondo ili mmoja asiwameze wengine. Nyingine mpya zaidi inaitwa CAKE, nayo imo ndani ya Linux yenyewe, mfumo huria unaoendesha ruta nyingi. Zote ni za bure na zinajulikana kwa miaka, na bado ruta nyingi zinauzwa bila hizo au zikiwa zimezimwa. Hili linanisikitisha kwelikweli, kwa sababu familia nyingi zinaongeza kifurushi zikidhani kasi ndiyo imepungua.

Unachotafuta kwenye orodha ya sifa ni SQM, yaani usimamizi makini wa foleni, au jina fq_codel au CAKE. Neno "QoS" peke yake halitoshi, maana mara nyingi ni orodha tu ya kupanga kifaa kipi kitangulie. Ukiipata, weka kikomo cha kupakia chini kidogo ya kasi halisi, kwako anza na 36, na kupakua 175 au 180, ili foleni ijengeke ndani ya ruta yako ambako inasimamiwa, isijengeke kwa mtoa huduma. Kisha rudia kipimo cha pingi. Ikibaki chini ya 30 au 40 wakati wa kupakia, umemaliza. Tahadhari moja: SQM inaitumikisha prosesa ya ruta. Kwa megabiti 200 ruta nyingi za kisasa zinaweza. Mtu mwenye gigabiti 1 lazima asome kwa makini zaidi.

Njia ninayoipenda ni kununua ruta inayokubali OpenWrt. Ni programu huria iliyoanza mwaka 2004, ikipata jina lake kutoka ruta ya Linksys WRT54G. Inakupa SQM, na inaendelea kupata masasisho hata baada ya mtengenezaji kuondoka, kwa hiyo lile la kutelekezwa linapungua uzito. Kabla ya kununua fungua jedwali la vifaa kwenye tovuti yao, utafute modeli yako pamoja na toleo lake.

Hapo kwenye toleo ndipo ninapokuja kwenye nyota zako. Ruta inaweza kubaki na jina lilelile, boksi lilelile, ndani imebadilishwa. WRT54G yenyewe ndiyo mfano maarufu: toleo la 5, lililotoka mwishoni mwa mwaka 2005, lilipunguziwa kumbukumbu hadi megabaiti 8 na hifadhi hadi megabaiti 2, na Linux ikaondolewa. Aliyesoma sifa za toleo la 4 akanunua la 5 alipata kifaa kingine chenye jina lilelile. Mambo ya v1, v2, v3 yapo hadi leo, yameandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibandiko cha chini. Kwa hiyo maoni elfu kumi yanaweza kuwa ya vifaa vitatu tofauti vilivyolundikwa kwenye ukurasa mmoja. Wastani wa lundo hilo haukuambii kitu.

Mimi ninayapanga kwa tarehe, mapya kwanza, kisha nasoma ya nyota tatu. Mtu wa nyota tatu mara nyingi amekaa na kifaa na anataja kilichomkera kwa undani. Nikiona watu watano wanalalamika kwamba sasisho la mwezi fulani limeharibu kitu kilekile, hiyo ni habari. "Imefika haraka, boksi zuri" si habari. Na yapo maoni ya kununuliwa. Marekani imeweka kanuni ya kuyapiga marufuku tangu Oktoba 2024, lakini sidhani unapaswa kuitegemea iwe kinga yako.

Kwa watathmini wenyewe, swali langu la kwanza ni nani alinunua kifaa. Consumer Reports ya Marekani, iliyoanzishwa 1936, na Stiftung Warentest ya Ujerumani, iliyoanzishwa 1964, wananunua vifaa madukani kama wewe. Hivyo wanapata kile ambacho na wewe ungepata, siyo sampuli iliyochaguliwa na kiwanda. Aliyetumiwa kifaa bure anaweza kuwa mkweli vilevile, sisemi wote wamenunuliwa. Lakini kwa kawaida anaandika kabla au siku ya uzinduzi, anatumia fimwea ambayo bado haijakamilika, kisha anarudisha kifaa. Hawezi kujua mwaka wa pili ukoje. Na viungo vya "nunua hapa" vinampa kamisheni kwa kile unachonunua. Kifaa ambacho usingekihitaji kabisa, kama ilivyo kwako kwa Wi-Fi 7, hakina anayelipwa kukuambia usikinunue.

Baba_Wawili

Mpimaji umenifungua macho. Nimeenda kuangalia kibandiko cha meshi yangu, imeandikwa v2. Programu ya simu inaniambia "kifaa kimesasishwa". Hiyo inatosha?

Mpimaji

Haitoshi, ndugu yangu. "Kimesasishwa" maana yake hakuna toleo jipya kuliko ulilonalo, hata kama hilo ulilonalo ni la miaka mitatu iliyopita. Tafuta tarehe ya fimwea, uilinganishe na ukurasa wa msaada wa v2 hasa. Kama ya mwisho ni ya ndani ya mwaka huu, endelea kwa amani. Ukiwa humo zima WPS, na kama vifaa vyako vyote vinakubali, chagua WPA3. Zima pia usimamizi kutoka nje ya nyumba kama huutumii. Na kwa kuwa meshi yako inategemea programu ya simu na akaunti, jaribu siku moja kuona kama unaweza kuingia kwenye mipangilio kwa kivinjari tu. Kampuni ikifunga seva zake, meshi ambayo mipangilio yake yote ipo kwenye akaunti inaweza kukuacha hata kubadilisha nenosiri huwezi. Hilo nalo sijaliona likipewa alama kwenye tathmini nyingi.

Nuru_Ghorofani

Nimeamua. Kebo ya shaba kupitia lile bomba, ruta moja ya Wi-Fi 6 inayokubali OpenWrt kwa ajili ya SQM, na kituo kidogo cha Wi-Fi korido ya juu. Ya antena nane nimeachana nayo. Swali la mwisho: ruta ya mtoa huduma niizime niiweke kabatini?

Kebo_Kwanza

Usiizime kabla hujajua kama yenyewe ndiyo inayopokea faiba. Ukiona waya mwembamba wa faiba unaingia moja kwa moja kwenye ruta, siyo kwenye kisanduku kingine, basi bila hiyo huna intaneti. Na kama una simu ya mezani iliyochomekwa hapo, nayo itakufa.

Mpimaji

Kweli kabisa. Mpigie mtoa huduma umwombe aiweke kwenye hali ya daraja, ili ibaki kupitisha faiba tu na kazi ya ruta ifanywe na mpya. Akikataa, zima Wi-Fi yake tu, halafu chomeka ruta mpya kwenye poti yake moja ya kebo na uiache mpya ikiwa ruta kamili. Hiyo mpya usiigeuze kuwa kituo cha Wi-Fi tu. Ukifanya hivyo data haitapitia kwenye SQM yako na pingi itarudi kulekule. Utakuwa na ruta mbili zilizofuatana, jambo ambalo mikutano ya video haijali, ila wanao wakitaka kuwa wenyeji wa gemu inaweza kuwasumbua. Hapo ingia kwenye ruta ya mtoa huduma, tafuta mpangilio wa DMZ, unaoelekeza miunganisho ya kutoka nje kwenye kifaa kimoja, uandike anwani ya ruta mpya. Na hakikisha kila kifaa cha nyumbani, hata televisheni, kimechomekwa kwenye mpya, kisibaki kimoja kwenye ya zamani kikijaza foleni nje ya kikomo ulichoweka.